Ulijua Kwa Nini Nilimkalisha Benchi

Columbia Heights, Minnesota
Jumapili, 24 Septemba 2017

Mpendwa dada yangu Vestine,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wote walio chini ya paa lako. Habari za hapo kambini Nyarugusu? Kile kikohozi cha msimu wa vumbi kimekuachia, au bado unalala umekaa? Uwimana amerudi shule? Nilisikia upepo uling'oa mabati ya jikoni. Nijulishe kama mmeshaezeka tena.

Sisi huku tunapumua. Emérance anaendelea na kazi yake ya kutunza wazee. Merveille ameingia darasa la saba na sasa ni mrefu kuliko mama yake. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini jina lako likitajwa hutabasamu. Majani yameanza kubadilika rangi, ingawa joto bado limekazana mwaka huu kama halitaki kuondoka.

Barua hii inaletwa na Mama Bernardine wa kanisani kwetu, anayekwenda Kigoma kumwona mama yake. Nimeifunga mwenyewe kwa gundi. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu wewe hulia na mimi hunyamaza, kisha mtandao unakata kabla hatujasema kitu. Karatasi haikati.

Jambo lenyewe ni moja. Mwanao Ntwali anaamini kwamba mimi, mjomba wake, nilimtesa uwanjani kwa sababu ya wivu. Anaishi nyumbani kwangu akiamini hivyo. Aliyemwambia ni wewe, na wewe unajua kwamba si kweli. Nataka umwambie. Lakini ngoja nieleze kwa utaratibu, maana habari kama hii ukiisikia nusunusu inageuka kuwa nyingine.

Mwezi wa Januari nilikupigia nikakueleza kuhusu kocha wa chuo kimoja kidogo cha Saint Paul, ambaye nilimfahamu nilipokuwa nikitafsiri kwenye kikao cha wazazi. Nilimsimulia habari za Ntwali, naye akaniambia kwamba vijana wenye mbio anao tele. Anaowakosa ni wale ambao wakikalishwa benchi wiki tatu, wiki ya nne bado wanafika mapema. Akaahidi kuja kumtazama Septemba, na akimpenda atamtafutia nafasi chuoni. Nilikuomba usimwambie Ntwali, kwa sababu kijana akijua anatazamwa hujirekebisha kwa ajili ya macho ya mtu tu. Ulicheka sana siku ile. Ulisema, "Kaka, mkaze huyo. Marehemu baba yake alimdekeza." Hayo ni maneno yako, dada, si yangu.

Basi nilimkaza. Theluji ilipoyeyuka tukaanza mazoezi, naye alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, akaruhusiwa kuingia timu ya wakubwa. Timu yetu ni ya watu wa kanisa, karibu wote Wakongomani, na tunacheza ligi ya wikendi ya wahamiaji. Mimi ni nahodha na beki wa kati, mzee wa miaka arobaini na minne miongoni mwa vijana. Siku ya kwanza Ntwali aliupokea mpira wa juu kwa kifua, akaushusha mguuni bila kuutazama, akawapita watu wawili kana kwamba anatoka mlangoni kwake. Kasika, golikipa wetu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu atatuajiri sote."

Mazoezi yalipokwisha nilimkabidhi mfuko wa jezi kumi na sita. Unaijua desturi hiyo. Kule kambini mchezaji mpya ndiye aliyefua jezi za timu nzima, na wewe ulikuwa ukinicheka pale bombani mimi nikisugua soksi za wanaume wenzangu. Nahodha wangu, Nshuti, hakunipa neno moja zuri mwaka mzima. Hapa chini ya jengo letu kuna mashine nne za kufulia, lakini nilimwambia Ntwali afulie kwenye bafu, kwa mkono.

"Mjomba, si mashine zipo hapo chini?"

"Zipo."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni kwenye timu."

Kasika naye akamtupia zake. "Bwana staa, soksi zangu uzifue peke yake. Usizichanganye na za Wakristo." Watu walicheka, Ntwali hakucheka. Lakini alifua. Kila Jumamosi kwa miezi mitano alifua, na hakuna jezi hata moja iliyowahi kurudi na doa.

Nilimkataza kutumia mguu wa kulia kwenye mazoezi mwezi mzima, mpaka wa kushoto ukajifunza kazi. Nilimchezesha beki ili ajue beki anaogopa nini. Nilimkalisha benchi tukiwa tumefungwa na kila mtu akiniangalia kama kichaa. Nilimwangusha pia, na si mara moja. Nilikuwa nikimwangusha, nampa mkono, anainuka, namwangusha tena, kwa sababu mabeki wa chuo hawatampa mkono.

Nitakuwa mkweli kwako. Siku moja mwezi wa Juni aliupitisha mpira katikati ya miguu yangu, mbele ya timu nzima. Kasika alijilaza chini akawa anapiga nyasi kwa viganja: "Mzee wa kanisa, funga mlango!" Hata mimi nilicheka, lakini kifuani nilisikia kitu. Mechi mbili zilizofuata nilimweka benchi, na mpaka leo sina hakika kama zote mbili zilikuwa za mafunzo. Hilo nalikiri. Ila siku mbili si miezi mitano, na Emérance ni shahidi wangu: nilikuwa nikirudi nyumbani namwonyesha, sufuria ikiwa mkononi, jinsi mtoto wako anavyogeuka na mpira.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho-mwisho wa Agosti. Nilikuwa nikiendesha kwenda mazoezini, Ntwali kando yangu, Merveille kiti cha nyuma. Simu ya Ntwali hujiunganisha yenyewe na spika za gari langu, kwa sababu ndiye anayetuwekea nyimbo. Alisahau. Akabonyeza kusikiliza ujumbe, na sauti yako ikajaa gari zima.

"Ntwali mwanangu, nimeiona mikono yako kwenye picha. Ondoka kwa mjomba wako. Yule ana wivu tu. Goti lake la kushoto limekwisha, anajua zamu yake imepita, ndiyo maana anakukalisha. Nenda kwa hao Wakenya wanaokutaka. Usimwambie mpaka uwe umeshaandikishwa."

Maskini kijana alihangaika kuizima, na badala ya kuzima akaongeza sauti. Merveille aliacha kutafuna. Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu. Ikawa kijani, na walio nyuma wakaanza kupiga honi.

"Mjomba..." akasema Ntwali.

"Funga mkanda," nikamwambia. Alikuwa ameshaufunga.

Dada, goti hilo nilikuambia wewe peke yako. Daktari aliponiambia kwamba huu ni msimu wangu wa mwisho, nilikupigia wewe kutoka kwenye maegesho ya hospitali. Emérance alidhani ni baridi tu. Timu haikujua. Ulikuwa mtu pekee niliyemweleza kwa nini namkalisha mwanao, na mtu pekee niliyemweleza kuhusu goti langu. Umechukua la pili ukalifanya jibu la la kwanza.

Nilingoja unipigie. Siku tatu nilitembea na simu mfuko wa shati. Siku ya nne ulinitumia picha ya Uwimana na salamu za kawaida, basi.

Ntwali alijiandikisha na timu ya Wakenya wa Fridley siku mbili kabla dirisha la usajili kufungwa. Sikuambiwa naye. Niliambiwa na nahodha wao, Eric, nilipomkuta dukani akinunua unga wa ugali. Alipoona uso wangu akashtuka, akanisihi nisikasirike. "Aki mzee, usijam. Kijana alituambia umembariki." Eric ni mtu mwema, ni muuguzi, sina neno naye. Lakini pale kati ya mifuko ya unga nilijikuta namwambia kwamba kijana anacheza vizuri zaidi akipewa mpira upande wa kushoto. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda mazoea.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita tulikutana nao kwenye mechi ya mtoano. Yule kocha wa Saint Paul alikuja kama alivyoahidi, akakunjua kiti chake kando ya uzio. Kipindi cha kwanza nilimdhibiti Ntwali. Kipindi cha pili akahamia upande wa goti langu. Acha nikufafanulie, kwa kuwa hukuwahi kupenda mpira: beki mwenye goti zima hugeuka kwa hatua moja, mimi upande wa kushoto nahitaji tatu. Mtu asiyejua hawezi kuliona. Anayejua anapata hatua mbili za bure kila akija, na kwa kijana kama Ntwali hatua mbili ni uwanja mzima. Alikuja mara tatu, mara ya tatu akafunga. Tukatolewa kwenye mashindano, mbili kwa moja.

Hakushangilia, nililiona hilo. Na tulipopanga mstari wa kupeana mikono, akaniinamia akasema, "Pole na goti, mjomba." Wachezaji wenzangu wote walisikia. Sijui aliisema kwa moyo gani, na hilo ndilo linalonikosesha raha zaidi ya bao lenyewe. Mwaka mmoja uliopita ningejua.

Kocha alinifuata. Alimpenda, alisema waziwazi. Kisha akaniuliza, kwa upole, ilikuwaje yule niliyemsifu kwamba hakimbii benchi amevaa jezi ya upande mwingine. Akaniomba nimwandikie kwa mkono wangu ninachokijua juu ya tabia yake, kabla ya mwisho wa mwezi.

Ilinichukua siku tatu. Emérance alinikuta mezani na karatasi tupu, akaniuliza kama nataka kumharibia mtoto. Nikamwambia nataka kuandika kitu ambacho sitaona haya nikisomewa. Basi nimeandika kweli tupu: kwamba alifua jezi kumi na sita kwa miezi mitano bila kukosa juma, kwamba alijifunza mguu wa pili kwa mwezi mmoja, kwamba alituacha bila kuaga, kwa ushauri wa mtu anayemwamini kuliko wote, na kwamba mimi sikumwambia shabaha yangu, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuijua. Jina la mtu huyo sikulitaja. Niliituma Alhamisi. Watamjibu Novemba. Hilo limeshatoka mikononi mwangu.

Lililobaki liko hapa nyumbani. Ntwali hunisalimu kila asubuhi, "Shikamoo mjomba," kama anavyomsalimu mzee wa jirani. Anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Emérance husema, "Si umwambie mwenyewe? Una mdomo." Nimemweleza na sasa nakueleza wewe. Mtu anayesimama kujieleza kwamba hana wivu, kila anavyoeleza ndivyo anavyozidi kuonekana anao. Na nikitaka aniamini, itabidi nimwambie kwamba mama yake alijua tangu Januari. Hapo nitakuwa nimelisafisha jina langu, lakini nitakuwa nimemnyang'anya mama. Hana baba. Siwezi kufanya hivyo, hata kwa hasira niliyonayo.

Najaribu kukuelewa. Umekaa mbali, unaona picha ya vidole vilivyokunjamana kwa maji, moyo unakuuma. Lakini ungenipigia ukasema, "Kaka, inatosha." Neno moja. Ningeichukua ile mifuko siku hiyohiyo nikaishusha kwenye mashine. Umenijua maisha yako yote. Ulichagua kumwambia mwanao kwamba mimi ni mtu wa aina ile.

Kwa hiyo nakuomba, mpigie yeye. Mweleze kwamba ulijua, na kwamba uliniambia nimkaze. Usinipigie mimi kwanza kuniomba radhi. Nikiisikia sauti yako ikitetemeka nitakusamehe papo hapo, kama siku zote, na wewe utadhani kazi imekwisha, na mtoto atabaki na yale uliyomwambia.

Nisalimie Uwimana na umhimize kwenye masomo. Nisalimie mama mdogo Keziah, na mzee Zachariah wa kwaya kama bado yupo kijiji chenu. Emérance na Merveille wanakusalimu. Merveille ameomba niandike kwamba anakupenda, nami nimeandika.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na akupe wewe ujasiri wa dakika tano za simu.

Nami ni kaka yako, ninayekupenda hata sasa,

Birindwa