Kumkumbusha Msumeno

Jumatano, 4 Septemba

Tumeanza. Ziara ya kuaga! Wameyaandika maneno hayo ubavuni mwa basi kwa herufi kubwa kuliko jina la bendi. Kila tukisimama kujaza mafuta, watu wanatuangalia kama tunasindikiza maiti. Meneja anasema ndiyo biashara yenyewe. Watu hawaji kuona wazee wakipiga roki, anasema. Wanakuja kuona wazee wakimaliza.

Siku hizi tuko watatu na nusu. Msumeno anaimba, Tingatinga yuko kwenye ngoma, mimi besi. Nusu ni mpigaji wa kukodi aliyeshika nafasi ya marehemu Waya kwenye gitaa. Ana adabu, anapiga vizuri, ila anavaa hedifoni safari nzima. Sauti yake hata siijui.

Zamani tuligombania viti vya dirishani hadi kutiana ngumi. Leo kila mtu ana safu yake peke yake, miguu juu. Tingatinga alianza kukoroma kabla hatujatoka mjini. Msumeno anatazama nje, anatabasamu. Nikamuuliza anacheka nini. Ati hamna, barabara tu nzuri.

Mwanangu hajapiga simu. Huko aliko saa zimepishana, najua. Lakini zinapishana siku zote?

Ijumaa, 6 Septemba

Onyesho la kwanza lilikuwa jana. Ukumbi ulifurika! Vipara, mvi, fulana zetu za enzi zile zimebana matumbo. Walivyopiga kelele, nikahisi magoti yangu yamerudi ujana.

Ila Msumeno aliimba ubeti wa pili mara mbili. Wa tatu akauanza — akakwama. Mdomo wazi, maikrofoni mkononi. Nilikuwa karibu, nikamtupia neno la kwanza. Akalidaka, akaendelea kama si yeye. Hakuna aliyegundua, nadhani. Wimbo wenyewe tumeupiga tangu nina nywele!

Tuliposhuka nikamtania: "Vipi, uzee umebisha hodi?" Hakucheka. Aliingia kuoga bila kuvua soksi. Na Tingatinga akainama kufunga vijiti vyake vya ngoma. Vijiti viwili. Vinafungwa muda wote huo?

Jumapili, 8 Septemba

Mji mwingine. Hoteli si ile lakini zulia ni lile lile, na picha ya ua juu ya kitanda ni ile ile. Kabla ya kupanda jukwaani nauliza mapokezi tuko wapi, nisije nikawasalimia watu kwa jina la mji wa wenzao.

Imetokea tena, nyimbo mbili. Sasa nimehamia kando yake kabisa. Vidole vinafanya kazi yao, mdomo unafanya yake. Neno la kwanza tu linamtosha, mengine yanajileta yenyewe. Fundi mitambo kaniuliza mbona nimehama mahali pangu. Nikamwambia kule spika inaniumiza sikio. Uongo mtupu. Sikio hilo liliacha kuumia zamani, halisikii.

Jumatatu, 9 Septemba

Mke wa Msumeno kapiga simu. Akaanza kwa mbali, kama kawaida yake. Mmeamkaje, mmekula, safari haiwachoshi? Halafu: "Shemeji, mwenzako unamwonaje?"

Nikasema yuko fiti. Kijana kabisa.

"Shemeji, usinifichie. Mimi ndiye niliyemwambia meneja iwe ziara ya kuaga."

Akanieleza taratibu. Daktari aliwaambia tangu mwaka jana. Kumbukumbu inamtoka, na ikitoka hairudi. Msumeno mwenyewe aliomba aimbe wakati angali anaweza. Meneja anajua. Tingatinga anajua. Hata yule wa kukodi kaambiwa, maana lazima ajue la kufanya wimbo ukikwama.

Nikauliza: na mimi?

Nikasikia maji ya bomba kwake yakifungwa. "Tuliona wewe ungekataa ziara," akasema.

Ni kweli, ningekataa. Ningesema mgonjwa hapelekwi barabarani. Lakini ndiyo waniache gizani? Mimi ninayesimama naye bega kwa bega? Mgeni wa hedifoni anajua, mimi namtania mtu eti uzee umebisha hodi!

Nimekaa kitandani na viatu mpaka chumba kikawa giza. Nilitaka kumpigia mtu simu, nimlalamikie. Nikapitia majina kwenye simu. Nusu yao wamekufa, sijayafuta tu. Wa kumlalamikia hivi siku zote alikuwa Msumeno.

Jumatano, 11 Septemba

Leo hatupigi. Nilikuwa nakunywa chai kwenye meza ya pembeni, Msumeno akaja na sahani ya mayai, akaketi jirani kabisa na mimi. Akatazama huku na huku.

"Waya," akaninong'oneza, "umeshamwambia?"

Waya! Tulimzika pamoja. Msumeno mwenyewe ndiye aliyesema maneno ya mwisho pale kaburini, akashindwa kumaliza, nikamalizia mimi.

Shemeji alikuwa kanionya: akipotea usibishane naye, mfuate huko aliko. Basi nikamfuata. "Nimwambie nani?"

"Yule wa besi. Si tulikubaliana aondoke?"

Nikaweka kikombe chini.

"Kwani kakukosea nini?"

"Hajanikosea, ndiyo shida! Ningekuwa na ugomvi naye ningeanzia hapo." Alikata yai kwa uma, hakulila. "Vidole vizito, Waya. Anapiga kama anahamisha makabati. Na yule jamaa wa gereji anataka kuja kushika besi, ana moto. Wewe mwambie. Mimi siwezi. Mama yake ananiita mwanangu, kila nikienda pale ananipakulia kabla sijakaa. Nitaanzaje?"

Nikamwambia nitalishughulikia.

Akanipiga begani, uso umemkunjuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua wewe hunitupi." Akala mayai yote, akaniomba chumvi.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Sina la kuandika. Besi sijaigusa.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimembana Tingatinga kwenye basi. Nikakaa kwenye safu yake, akashtuka — hakuna anayekaa na mwenzake siku hizi. Nikamuuliza moja kwa moja: enzi zile, mlitaka kunifukuza?

Alijikuna shingo. "Nani kakwambia?"

"Msumeno."

"Ah. Hayo ni ya kale, Besi."

Kwa hiyo ni kweli. Nikamuuliza mbona hawakunifukuza basi. Nilikuwa na majibu yangu nimeshayapanga kichwani tangu juzi. Kwamba walinisikia siku moja wakabadili mawazo. Au Waya alinitetea. Au walimwogopa mama. Hata hilo la mama nilikuwa tayari kulipokea!

Tingatinga akafikiri kwa dhati, namjua, hadanganyi. "Sidhani kama kuna sababu," akasema. "Wiki ile tulipata kazi ya haraka. Tukaenda, ukapiga, tukarudi. Halafu ikaja nyingine. Mambo yakapita tu, ndugu yangu. Watu wakasahau."

Wakasahau! Maisha yangu yote kwenye bendi hii ni kitu ambacho watu walisahau kukifanya. Mke kaondoka kwa sababu ya bendi hii. Mwanangu kakua nikimwona kwa msimu. Na mimi, kumbe, nilikuwa kama kochi bovu ambalo kila mtu anasema atalitoa kesho.

Tingatinga akaongeza: "Lakini umepiga vizuri, bwana." Nikamshukuru. Nikarudi kwenye safu yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Jana nilifanya ubaya.

Tulikuwa kwenye ule wimbo wa taratibu, taa zote zimezimwa isipokuwa moja juu yake. Akafika ubeti wa tatu, akakwama. Nilikuwa na neno mdomoni. Sikulitoa.

Nilipiga besi tu. Vidole vizito, si ndivyo? Basi sikiliza makabati. Tukazungusha mdundo ule ule mara ya kwanza. Tingatinga akanitolea macho. Tukazunguka tena. Watu wa mbele wakaanza kutazamana.

Msumeno akageuka, akanitafuta. Hakukasirika — afadhali angekasirika! Alinitazama kama mtoto aliyepotezana na mamake sokoni, anayetazama kila gauni linalopita. Mkono wake ukatoka kwenye maikrofoni ukaja upande wangu, hewani.

Nikampa neno. Sauti yangu ilitoka vibaya, nadhani maikrofoni iliinasa. Akaimba. Aliimba vizuri kuliko usiku mwingine wowote wa ziara hii, watu wakasimama kwenye viti, wakalia. Meneja alisema kile kimya kilikuwa cha kisanii, tukirudie.

Nilikwenda chooni nikafungulia bomba.

Jumatatu, 16 Septemba

Shemeji amekuja kumalizia ziara na sisi. Kaleta sweta, dawa, na mto wa Msumeno wa nyumbani, maana mito ya hoteli inamtia wasiwasi. Nilimkuta anamfunga vifungo vya shati. Msumeno kasimama wima, kidevu juu, kama anapimwa nguo kwa fundi. Nilitaka kurudi nyuma, shemeji akaniita niingie.

Msumeno aliposinzia, nikamuuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza jambo la kitoto vile: Je, huwa ananitaja?

Shemeji alifikiri anasikia vibaya. "Wewe?"

"Nyumbani. Zamani. Alikuwa anasema nini juu yangu?"

"Shemeji, wewe nawe!" Akacheka, kisha akaona sicheki. "Akipoteza kitu, miwani, funguo, soksi, anasema muulizeni Besi. Uko mji mwingine, hujakanyaga kwetu mwezi mzima, yeye: muulizeni Besi. Nilikuwa nachukia!"

Si jibu la nilichouliza. Nimetembea nalo siku nzima hata hivyo, kama mjinga.

Nilimpigia mwanangu mwenyewe, sikungoja. Alikuwa kazini, akasema atanirudia. Nikamwambia onyesho la mwisho ni Jumatano. Akasema, "Hongera, baba." Sijui kama hongera ndilo neno lenyewe. Sijui lipi lingefaa.

Jumanne, 17 Septemba

Asubuhi ilikuwa nzuri. Msumeno alikuwa yeye mwenyewe, saa nzima au zaidi. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya hoteli, akaniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo sasa hakuna mwingine anayelijua. Akaniuliza nitafanya nini baada ya hapa.

Nikasema nitapumzika.

"Muongo," akasema. "Hujui kupumzika. Utakaa na chombo mapajani unatazama ukuta."

Nilitaka kumuuliza pale pale. Alikuwepo, akili yake yote ilikuwepo. Uliwahi kutaka niondoke? Na kwa nini nilibaki? Nafasi nyingine huenda isipatikane. Nikafungua mdomo.

Yeye akatangulia. "Naogopa, bwana," akasema, anatazama mapipa ya taka. "Kuna asubuhi naamka namkuta mwanamke chumbani kwangu, ni mzuri, simjui. Naona haya kumuuliza."

Swali langu nikaliacha. Nikamshika mkono. Tangu tufahamiane, sisi hatujawahi kushikana mikono. Wanaume wa roki! Tukakaa hivyo mpaka mpishi akatoka na ndoo, tukaachiana haraka kama vijana waliofumaniwa.

Jumatano, 18 Septemba

Naandika haya nimekalia kasha la spika, kwenye ushoroba wa nyuma ya jukwaa. Ni mchana. Jioni ndiyo mwisho.

Tulikuwa tunajaribu sauti. Mimi nilichelewa kidogo, waya wangu ulikuwa na hitilafu. Nilipopanda jukwaani Msumeno alikuwa anazunguka-zunguka, hana raha. Aliponiona akanijia, akanipima toka viatu mpaka kipara.

"Shikamoo mzee," akasema. "Umekuja kwa ajili ya besi?"

Ngoma za Tingatinga zikanyamaza. Fundi mitambo akatoa kichwa nyuma ya mashine zake. Nikasema marahaba. Nikasema ndiyo, nimekuja kwa ajili ya besi.

"Afadhali. Wetu hajafika. Na huyo hachelewi hata siku moja, ndiyo maana nina wasiwasi." Akatazama mlangoni, akarudi kwangu. "Mtindo wetu unaujua?"

"Kidogo."

"Basi piga tusikie."

Nikachomeka waya. Tingatinga akanihesabia kwa vijiti, polepole, na yule wa kukodi akavua hedifoni, mara ya kwanza nayaona masikio yake. Nikapiga. Sikupamba, sikuongeza kitu. Nimepiga nilivyopiga siku zote, uzito ule ule.

Msumeno alifumba macho. Kisigino kikaanza kugonga sakafu. Nilipomaliza, alikaa vile vile muda mrefu, anasikiliza kitu ambacho kilikuwa kimekwisha.

"Sawa," akasema hatimaye. "Wewe utusubiri nje kidogo, mzee wangu. Sisi tuzungumze."

Tingatinga alitaka kuingilia, nikamkonyeza aache. Nikatoka.

Shemeji amesimama huku mwisho na chupa ya maji. Kaona yote. Hajui acheke au alie, na mimi sina la kumsaidia. Mlango haukufunga vizuri. Nasikia sauti ya Msumeno, ile ya kukwaruza, maneno siyapati. Tingatinga anajibu kwa kifupi. Mara moja nimesikia "mama yake" — au masikio yamenidanganya.

Sasa wako kimya. Wakikataa, jioni nani atampa neno la kwanza?

Kiti kimeburuzwa. Kuna mtu anakuja mlangoni. Hatua ni za Msumeno —