Pembe Iliyopinda na Safari ya Udachi

Dodoma, Agosti 1912

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana furaha niliyo nayo hainipi hata nafasi ya kula, na mlangoni pa furaha hiyo amesimama baba yangu. Mimi ni Yotham, mwana wa Ndahani wa Haneti, mwanafunzi wa shule ya misheni, na mwalimu wetu Mdachi, yaani Mjerumani, amenipatia nafasi ya kwenda kwao kusomea uchoraji, mimi niliyekuwa nikichora kwa makaa kwenye ukuta wa nyumba yetu ya tembe nikachapwa, na sasa nitapanda gari la moshi hapa Dodoma mpaka Dar es Salaam, kisha meli, na nikifika nitapewa rangi za kila namna na buti na koti la baridi, nami siku hizi kila asubuhi nawaamkia kuku wa shule kwa Kidachi.

Taabu ni picha. Mwalimu aliniagiza nichukue moja nzuri kuliko zote nikawaonyeshe wakubwa wa chuo, nikamchora ng'ombe dume wa baba, yule anayemsifu ngomani, ambaye pembe yake moja imepinda kuelekea jichoni, nikaichora ilivyo. Baba akasema, "Unakwenda kunitangazia kilema ugenini? Inyooshe pembe hiyo, la sivyo huendi." Mwalimu anasema nikiinyoosha nitakuwa nimesema uongo kwa mkono, tena hakuna mwanafunzi anayeondoka bila baba yake kuja shuleni kukubali. Nimembembeleza baba siku tatu, yeye hujibu mengine kabisa, mara nani atachimba kisima kwenye mto mkavu kiangazi, mara nani atanywesha ng'ombe. Safari ni baada ya wiki mbili. Je, ninyooshe pembe, au nitoroke?

Yotham

Yotham mwanangu, hongera sana. Nimecheka peke yangu hapa dukani mpaka mke wangu Arafa akaja kuuliza kulikoni, nikamsomea habari ya kuku, naye akacheka.

Sasa kaa nikuseme. Neno la kutoroka lifute; mtoto haondoki kwa baba yake kama mwizi wa mbuzi. Pembe nayo usiiguse. Mzee ameiona pembe hiyo miaka yote na bado anamsifu dume wake mbele ya watu, iweje aibu imjie leo? Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia gari la moshi, meli, rangi, buti na koti. Siku ya kurudi haimo. Baba yako anakuuliza nani atachimba kisima, wewe unamjibu habari za pembe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila zako nahofia umezinyoa.

Kesho muulize mwalimu masomo ni miaka mingapi, akupe jibu la kweli. Kisha nenda Haneti, picha uiache shuleni, uzungumze na ndugu zako mpaka apatikane wa kushika zamu yako kisimani. Ukishampata, mfuate mzee kisimani. Shika jembe, mchimbe pamoja na mzee, na mkipumzika, ikiwa masomo ni miaka mitatu, mwambie, "Baba, nitakaa huko mavuno matatu. Ya nne tutavuna wote." Halafu endelea kuchimba. Neno hilo ndilo alilokuwa akilingoja, naye atakwenda kukubali mbele ya mwalimu, na siku ya safari atafika kituoni kabla yako.

Mzee Rehani