Furushi la Asani Kabla ya Arobaini

Kasongo, Jumanne asubuhi

Kwako mama yangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Mguu wako umepoa, au bado unakusumbua ukitoka shambani? Muhogo wa ng'ambo ya kijito mmeshaung'oa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai, na sababu yake utaisikia sasa hivi.

Mwajuma, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Funga mlango kwanza, na usiruke mistari, nakujua. Ningepiga simu, lakini huko Kabambare simu mnaisikilizia uani kwa sauti kubwa, na Baba Mukubwa anakaa nyumba ya pili. Maneno haya yanamhusu yeye.

Mama, nimefungua furushi la ndugu yetu Asani.

Unakumbuka siku ya mazishi Baba Mukubwa alivyolifunga kwa mkono wake: nguo za marehemu, kompyuta yake, na ile diski, kisanduku kidogo cha kutosha kiganjani alimohifadhi picha zote alizopiga tangu aanze kazi. Akapiga mafundo saba, akasema mbele yetu sote: "Mutu atakayefungua hii mbele ya arobaini, ajue anamufukua Asani mu kaburi." Zimebaki siku kumi na mbili. Naapa nilikusudia kungoja. Lakini Alhamisi mvua ilitupiga vibaya, na bati la studio yake likavuja pale pale juu ya furushi mliloniachia nilitunze. Niliporudi kutoka sokoni, shuka lililofungia vitu lilikuwa linachuruzika. Nilisimama nikaomba dua, nikaanza kufungua. Fundo la tano lilinikatalia, nikatumia meno.

Kompyuta ilikuwa imeshakufa, maji yametoka ndani kama kwenye kikombe. Diski nilikimbia nayo kwa fundi wa simu aliye jirani na studio. Alipoiunganisha na kompyuta yake ikalia ka-ka-ka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniangalia. "Dada, hii diski iko mugonjwa. Tuihamishe yote mu mupya, leo leo. Ikizima, haitaamuka tena." Akatoa diski mpya, akaniuliza: "Tuanze na nini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ulitufundisha kwamba mgeni anapakuliwa kwanza, wa nyumbani anangoja. Nami nikaona picha za harusi za watu, za ubatizo, za maulidi, ni amana. Wenyewe wangesema nini? Nikamwambia aanze na za watu. Faili moja iliyoandikwa KWETU nikaiweka mwisho kabisa. Wageni wakala, mama, wakashiba.

Tuliketi pale mpaka jioni. Kila wingu lilipopita juu ya sola, fundi alishika kichwa. Jirani yangu muuza mikate akatuletea betri yake, naye akakaa kutazama, kana kwamba tuna mgonjwa ndani. Harusi za Nyangwe zikapita, za Kasongo zikapita, maharusi wale wote na miwani yao ya kuazima. Mimi nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu. Neno lako la pale kaburini halijanitoka masikioni: "Nimezaa mupiga picha, nazika mutu asiye na picha." Ni kweli. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya tochi. Kadi yake ya uchaguzi jasho limefuta uso wote. Na katika picha zile zote alikuwa nyuma ya kamera, hakuna hata moja aliposimama mbele.

Ilipofika zamu ya KWETU, diski ikaanza tena ka-ka-ka. Vitu vilikuwa arobaini na kitu. Kikaja kimoja, picha ya mbuzi wa Mwajuma. Kikaja cha pili, mlango wetu umefungwa. Kikaja cha tatu, video fupi. Halafu diski ikanyamaza. Fundi aliipa umeme tena, akaipuliza, akaigeuza upande. Kimya. Nililia mama, nililia kwa sauti mbele ya watu wanaochaji simu zao. Mbuzi, mlango!

Fundi akasema tuitazame basi ile video.

Ni wewe, unatwanga majani ya muhogo ya sombe nyuma ya nyumba. Unamfokea: "Asani, acha! Niko na kitenge ya shamba." Yeye haonekani, anacheka tu. Unasema: "Kila siku unapiga watu. Weye nani atakupiga?" Akajibu: "Wewe, mama. Kamata." Basi ikaonekana ardhi, kuku, mchi umeanguka, mbingu. Unauliza: "Nafinya wapi?" Naye: "Usifinye kitu, mama. Inaenda yenyewe." Kisha uso wake ukatokea nusu, jicho moja na lile pengo la meno, anacheka. Ikaishia hapo.

Mama, nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyo ya chini. Mwezi haujaisha na nilikuwa nimeshasahau.

Sasa naogopa. Furushi nimelikausha na kulifunga tena mafundo saba, lakini mkono wangu si wa Baba Mukubwa, atalijua kwa kuliangalia tu. Diski mpya sithubutu kuiacha studio, nimeifunga kiunoni hata ninapopika. Nasikia atapanda pikipiki Ijumaa kuja kuandaa arobaini. Nakuomba umwone kabla hajaondoka. Asisikie kwa mtu wa njiani kwamba nimemfukua ndugu yangu. Akikasirika nitakubali, nitatoa kuku na kuomba msamaha. Lakini mwonyeshe kwanza kilichomo kwenye bahasha hii, kati ya vipande viwili vya katoni. Mpe mkononi mwake.

Nisalimie shangazi anayekukandia mguu, na mke wa Baba Mukubwa, hasa yeye, maana ndiye anayejua kumtuliza mzee. Mwajuma, mbuzi wako ametoka vizuri kuliko sisi sote.

Mama, ulisema mwanao hana picha. Anayo, na uliipiga wewe mwenyewe. Fundi alipoitoa kwenye video na kuichapa, alitaka kukata kile cheusi cha pembeni, akasema kinaharibu. Nilimkatalia. Ni kidole chako.

Ni mimi binti yako anayekungoja useme neno,
Feza