Mizizi ya Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi. Joto la Mbagala leo halina huruma, na mimi pia sina. Nimejiapiza kuandika yote kwenye blogu hii, hata yale ya aibu.

Dada yangu Zawadi ana mimba ya miezi tisa. Amerudi kujifungulia kwetu, kwa mama, kama ilivyo desturi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa operesheni. Nesi wa kliniki alimwambia mbele yangu kwamba mwenye kovu asinywe dawa ya kuongeza uchungu, maana mfuko wa uzazi unaweza kuchanika kwenye mshono, akafa yeye na mtoto. Nilisikia kila neno. Na yeye alisikia.

Leo mama mkwe wake amekuja kutoka Kawe na mizizi imefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikamwamkia vizuri, nikampokea mzigo, nikamchukia hapohapo.

"Hii inafungua njia," akamwambia dada. "Kesho ukitoka kliniki ndiyo uanze, nesi asije akakunusa. Safari hii uzae, mwanangu, usipasuliwe tena kama samaki."

Mama akacheka. Mama yangu mwenyewe.

"Nesi amekataza," nikasema.

Mama mkwe akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa, mama."

"Basi wewe ndiye utakayechemsha. Si unasoma sayansi? Vipimo hutakosea."

Wote wakacheka, na dada pia. Nikaitikia, "Sawa, mama."

Nachukia ile sawa yangu.

Alipoondoka nikaichukua mizizi yote nikaitupa chooni. Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Nilidhani atanipiga.

"Ataleta mingine," akasema. "Hujui wewe. Mawifi zangu wananiita mama wa kisu. Wakikaa kusimulia walivyozaa, mimi natumwa maji ya kunywa."

"Bora uitwe hivyo ukiwa hai."

"Ukifungua mdomo kliniki, usiniite dada tena."

Tangu saa ile hatusemezani.

Namwonea huruma, lakini leo hasira imeizidi. Nina hasira na mawifi wanaogawa heshima kwa kilo za maumivu. Nina hasira na mama, anayejua kovu lile kwa sababu yeye ndiye aliyelisafisha, na bado anacheka ili mgeni asione vibaya. Na dada, anayetaka kumfurahisha kila mtu isipokuwa mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa hivi amelala kwenye mkeka wangu, mdomo wazi.

Huyu nani atamlea? Mawifi?

Dada, najua unaisoma blogu hii hata tukinuniana. Nakupenda, na bado nimekukasirikia. Siombi radhi kwa ile mizizi. Ikija mingine sitaichemsha, hata mama akinifukuza jikoni. Na kesho nakwenda na wewe kliniki, utake usitake.

Nijibu leo, kabla mama hajapakua chakula cha jioni: utamwambia nesi mwenyewe, au nimwambie mimi?