Kabati Nililosema Nimelifuta

Mama,

Kesho ni arobaini yako, na leo ndiyo nimelifuta kabati lako la vyombo. Zile siku zote ulizouliza ukiwa kitandani, sikuligusa hata mara moja.

Kila alasiri ulikuwa unaniita kutoka chumbani, "Mwanaidi, kabati umelifuta?" Nami niko jikoni nachezea simu, najibu, "Nimelifuta, mama." Unaniombea dua. Eti unashukuru nyumba yako ina mtu. Miguu ilishakukatalia, ungejuaje? Nilijua huwezi kuja kuangalia, mama. Hapo ndipo ninapoona aibu mpaka nakosa pa kuuweka uso.

Siku ya msiba, mama mdogo alipofika kutoka Vugiri alikwenda moja kwa moja kutoa sahani za wageni. Kufungua tu mlango, mende wakatoka, wakakimbilia miguuni kwa watu. Shelfu zimeota ukungu, na mavi ya panya yamo hadi kwenye vikombe vyako vya Idi. Jirani mmoja akasema taratibu, "Kumbe marehemu alikuwa hivi." Mama mdogo akainamisha kichwa. Wewe! Wewe ambaye mtaa wetu wote wa Manundu walikuja kuazima vyombo kwako wakiwa na shughuli, kwa usafi wako. Na mimi nimesimama palepale na beseni mkononi, nikanyamaza. Ukazikwa na aibu yangu.

Leo nimetoa kila kitu nje, shelfu nikazianika juani. Nimefuta kwa kipande cha kanga kuukuu, nimekikamua sana, maana ulisema mbao hazitaki maji mengi. Kwenye pembe nimetia karafuu. Milango nimeipaka mafuta ya nazi kwa kidole gumba, kama ulivyokuwa ukifanya kila Alhamisi huku ukinitania kwa uvivu wangu. Kazi yenyewe haikuchukua hata asubuhi moja. Nimelia sana.

Sasa linang'aa, na ndiyo maana naogopa. Kesho wakilifungua watasema binti amemshinda mama yake kwa usafi.

Kwa hiyo kabla mtu hajagusa sahani, nitasema mbele ya mama mdogo na wanawake wote: mchafu nilikuwa mimi, mama aliniuliza kila siku nikamdanganya. Wakinisema, waniseme.

Pumzika, mama yangu. Kabati nimelifuta. Safari hii ni kweli.

Mwanao,
Mwanaidi