Barabara ya Kasaji Inalomba Shofere

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa tisa 1975

Mutoto yangu Amadi,

Salamu aleikum. Hapa kwetu, mu mutaa ya Dilala, tuko bazima. Mama yako Mariamu ni muzima, kifua yake imetulia tangu baridi ipite. Na weye, uko je? Unakula bizuri? Baridi ya Ulaya haijakuvunja? Hii barua ni sauti yangu, lakini mukono ni ya dada yako Mwamini. Mi nasema, yeye anaandika. Nimemukataza kuongeza ya kwake.

Treni ya Lobito imekatika juu ya vita ya Angola. Batu ya Kasaji banabakia na mahindi na mihogo yao pa gara, pale treni inasimamaka, na treni ya huku kwetu inakuya siku inajipendea. Wote banauliza kamyo ya Tata Kasimu. Banasema, ile Mercedes, ile ya nyota, hailalaki njiani. Na ni kweli. Niliipata mbele weye uote meno ya pili, na haijaniaibisha.

Sasa neno zito. Macho yangu inaenda. Munganga anasema ni mutoto ya jicho, na hapa hakuna wa kuitoa. Miezi hii nimeendesha na Mwamini pembeni, ananiambia, Tata, shimo kushoto, Tata, daraja. Juma iliyopita niliona mbuzi mu barabara, nikapiga honi nikaendelea, Mwamini akapiga makelele, akasema ile haiko mbuzi, ni mutu. Nikasimama. Nikashuka. Sijapanda tena.

Mbayo, muchuruzi ya sokoni, anataka kuinunua. Nimemwambia angoje mupaka mvua iishe. Weye njo mutoto yangu mwanaume mumoja, na stage yako ya kujifunza mashini pale Stuttgart inaisha. Rudi ushike vola, uendeshe kamyo. Kama haurudi nitaiuzisha, na mi nitakaa mu kiti nikingoja kufa. Nasema wazi juu sina mutu mwingine ya kumwambia.

Tena, babwana tunakaa nao nyuma ya musikiti banabishana. Mumoja anasema kamyo ya Japani zitapita zote, nyota ni jina tu. Weye uko mu nyumba yao, ku kiwanda yenyewe ya nyota. Uniambie hao batu ni jamaa gani, balianza je. Kitu imenilisha miaka yote hii, nataka kujua baba yake na mama yake.

Tata yako,
Kasimu

Stuttgart, tarehe 20 mwezi wa kumi 1975

Tata yangu mupendwa,

Aleikum salamu. Mi niko muzima, kazi iko, baridi naizoea polepole. Nafurahi kifua ya Mama imetulia. Habari ya macho imeniumiza sana. Usipande tena, Tata, hata kama Mwamini yuko pembeni.

Neno ya kurudi, nilombe siku kidogo. Shefu yangu anataka nibakie mu atelie, pale banafunga gia, na sijamujibu. Niache niwaze.

Wazazi ya kamyo, nimeuliza. Balikuwa babili. Mumoja Benz, wa Mannheim, mwingine Daimler, wa hapa hapa Stuttgart, upande ya Cannstatt. Mahali zao ziko karibu kama Kolwezi na Tenke, kila mutu alikuwa anatengeneza gari yake, na banasema hawakuonana hata siku moja. Nyumba zao za kazi zikaungana kisha vita ya kwanza ya Wazungu, mwaka 1926, wakati Daimler alikuwa amekwisha kufa na Benz amezeeka, juu ya shida ya ile wakati. Nyota ilitoka kwa Daimler, na pembe zake tatu ni nchi, maji na hewa. Na Mercedes, Tata, ni jina ya mutoto mwanamuke. Baba yake alikuwa muchuruzi ya zile gari, akataka ziitwe jina ya binti yake, nao bakakubali.

Lakini ile ilinifurahisha kupita yote ni ya Bertha, bibi ya Benz. Bwana yake alitengeneza gari, batu bakaogopa kuinunua, banasema ni kitu ya shetani. Yeye mwenyewe akakaa nayo mu nyumba, anaifuta tu. Asubui moja bibi akaitoa bila kumwambia, akapakiza batoto yake babili, akaenda nayo kwa mama yake, mbali. Mafuta ikaisha, akanunua ya kufulia madoa kwa mutu ya dawa. Freni, ile ya kusimamisha gari, ikaisha, akamulomba mushona viatu aifunge ngozi. Jioni akamutumia bwana yake telegramu ya kusema amefika. Hapo batu bakaanza kuamini ile gari. Kwa hiyo jina yote ya Benz ilianza na mwanamuke aliyeondoka bila ruhusa. Nimecheka sana.

Salimia Mama. Salimia Mwamini na mukono yake.

Mutoto yako,
Amadi

Kolwezi, tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 1975

Amadi,

Salamu aleikum. Tuko bazima. Mama yako ni muzima na yuko ku nyumba, na vile alirudi ku nyumba njo habari ya hii barua.

Mwamini alinisomea barua yako kisha chakula. Pale pa bibi ya Benz alisoma mara mbili, na mi sikumulomba mara ya pili. Nilicheka. Sikujua nacheka nini.

Mama yako alienda Kasaji ku kilio ya dada yake. Siku ya kurudi, treni hakuna. Kesho yake, hakuna. Mutu mumoja akaleta habari kama kifua imemurudilia, analala pa gara na mvua inanyesha. Nikasema nitatafuta shofere. Asubui, kisha kuswali, nikasikia motere inawaka mu parcelle, mu kiwanja yangu. Nikatoka na fimbo, nikifikiri ni mwizi. Mwizi alikuwa dada yako. Pembeni yake Mulumba, ule anatufungiaka mizigo, mutu muzima na ndevu zake. Nilibakia na fimbo na moshi.

Alirudi na mama yako, na magunia ya mahindi, na mabibi ya Kasaji banaimba juu ya magunia. Nilizunguka kamyo nikipapasa kila pembe, natafuta pa kukasirikia. Hakuna hata alama. Ile njo ilinikasirisha zaidi.

Sasa namwambia Mwamini aandike: dada yako ni mwizi. Ameandika. Aandike tena hana haya. Ameandika, tena upesi. Nilimuuliza nani alimuruhusu. Akanijibu, "Na bibi ya Benz, nani alimuruhusu?" Amadi, ni weye ulileta ule mwanamuke mu nyumba yangu.

Nyuma ya musikiti banacheka. Banasema macho ya Kasimu imekufa, sasa suruali anavaa binti yake. Imeniuma. Imeniuma zaidi, juu najua, ingekuwa binti ya mutu mwingine, ningecheka pamoja nao. Nimeficha funguo. Mama yako anasema nimeificha mahali hata mutoto mudogo anaijua, na kama angengoja shofere yangu, leo tungekuwa tunakula matanga yake.

Kwa hiyo rudi, mutoto yangu. Mvua inaisha mwezi wa ine. Mbayo anakuya kila Ijumaa, anazungukia kamyo sawa vile anazungukia muchumba.

Tena, Mzee Mbuyu, ule alipiganaka ku Abisinia, ameniambia hao batu ya nyota balimutengenezea Hitler gari na motere ya ndege. Weye uliniambia bizuri tu. Uniambie na ile ingine. Mutu akioa anauliza jamaa yote, si bajomba wazuri peke yao.

Tata yako,
Kasimu

Stuttgart, tarehe 11 mwezi wa pili 1976

Tata yangu,

Aleikum salamu. Nashukuru Mungu kwa Mama. Mwamini, soma hii barua yote vile iko. Usiruke hata mahali moja.

Mzee Mbuyu hakudanganya. Niliuliza ku kazi. Bakijana hawajui, bazee hawapendi kusema. Lakini kuko mzee mumoja ya Polonia, tunakula naye saa sita. Ilipita siku kadhaa, kisha akaniambia. Bajeremani balimutoa ku kijiji yao akiwa kijana, bakamutia mu treni, bakamuleta kutengeneza motere ya vita. Hakukuya kwa mapenzi yake. Balikuwa bengi sana, ba Ukrania, ba Ufaransa, na bafungwa ya kambi, na banamuke kati yao. Balilala mu mabanda, askari ku mulango, supu ya maji. Mabomu ikianguka, hao hawakukuwa bakwanza kupewa mahali pa kujificha. Kisha vita, kiwanda ilikuwa imebomoka. Bakaijenga, jina ikasafika, na leo kila mutu anaipenda ile nyota.

Nilimuuliza mbona alibakia. Akasema kwao hakukubakia nyumba. Nikamuuliza kama anazipenda hizi mashini. Akasema, "Mashini ni nzuri." Akarudia chakula yake.

Sasa neno ya kurudi. Tata, nimesaini. Nabakia. Sitakudanganya kama ni juu ya mushahara tu. Hapa mi ni mutu anajua kitu. Na kuko neno ingine. Naogopa ile barabara. Tangu utoto nimeiogopa, matope yake na weye pembeni unasikia kila kosa yangu. Nilikuya huku kuikimbia, na hata weye ulijua kidogo. Usiningoje tena mu ile kiti. Muuzishe Mbayo kamyo, naye atakupa bei ya kukutunza.

Unilaumu kama unataka, lakini unijibu.

Mutoto yako,
Amadi

Stuttgart, tarehe 30 mwezi wa tano 1976

Tata, Mama, Mwamini,

Salamu aleikum. Mi niko muzima. Ninyi muko je? Mwezi wa tatu sikupata barua, wa ine hakuna, na huu unaisha. Kama ni kasirani, basi muniandikie kasirani. Kama kuko mugonjwa, muniambie. Kila siku nikitoka kazi naangalia sanduku ya barua kwanza, kisha ndiyo navua viatu.

Mulimuuzisha Mbayo kamyo?

Amadi

Kolwezi, tarehe 25 mwezi wa saba 1976

Mutoto yangu Amadi,

Salamu aleikum. Mbele ya yote, huu mukono haiko ya Mwamini. Usiogope, hakuna mutu amekufa. Anayeandika ni Madamu Henriette, mwalimu, jirani yetu. Mukono yake ni safi kupita ya dada yako, na hanicheki.

Mwamini alisoma barua yako yote, hakuruka. Kisha akatoka inje, nikabakia na mama yako. Nililia, Amadi. Sikutaka kukujibu. Kila mara dada yako alileta karatasi, mi nilisema kesho. Hii njo sababu ya kunyamaza, haiko ingine.

Ile ya batu ya kulazimishwa, nililala nayo siku mingi. Babu yako Nasoro alitolewa Kasongo na kamba ku shingo, kutengeneza barabara ya reli. Hata yeye hakukuya kwa mapenzi. Basi siku moja nikatwaa tindo na nyundo, nikaenda kung'oa ile nyota ya kamyo. Mama yako alikuwa anachambua muchele pale pa mulango. Akaniuliza, "Ile reli baba yako alitengeneza, ulikataa kuipanda?" Nikakaa chini. Niliipanda. Niliipanda kuya kumuoa yeye. Nikawaza tena, mu hii chuma kuko mukono ya batu sawa ule mzee ya Polonia. Nikiing'oa, bakubwa ya Stuttgart hawatajua, nitakuwa namufuta yeye peke yake. Nikarudisha nyundo. Lakini sasa nyuma ya musikiti, mutu akisifu nyota, mi namupa habari yote, ya bibi ya Benz na ya mabanda. Banasema nimekuwa mutu ya kuchosha.

Sasa kamyo. Mbayo alikuya na shofere yake kuijaribu, mutu ya permi ya kuendesha ya zamani. Nikasema nitapanda nao. Mwamini na Mulumba bakapanda nyuma. Ku tambarare alienda bizuri. Ku mupando, pale barabara inapanda kilima, akachelewa, akatafuta gia, ikalia. Akaisukuma kwa nguvu, ikalia tena, nikaisikia mu meno yangu. Nikamwambia asimame, ashuke. Mbayo akauliza kama nimekuwa wazimu. Nikamwita dada yako.

Amadi, siku zote alikaa pembeni yangu, mi sikuwahi kukaa pembeni yake. Na sikuwa na macho ya kumukosolea, nilikuwa na masikio tu. Akaondoa kamyo pale pale ku mupando, mahali pabaya, haikurudi nyuma hata kidogo. Akasikiliza motere, akangoja, akatia gia pale mi ningetia. Hakuharakisha, hakuchelewa. Ile ilikuwa mukono yangu. Miaka yote nilifikiri ananisaidia na macho, kumbe anajifunza. Tukafika juu. Nikamwambia Mbayo, "Kamyo haiuzishwi. Iko na shofere."

Permi amepata. Mara ya kwanza babwana bengine balishuka pa gara bakiona mwanamuke anapanda mu kabine. Mabibi ya Kasaji bakapanda pahali yao, na mahindi. Sasa hata hao ya nyuma ya musikiti, wakati ya kucheka banacheka, wakati ya mizigo banapakiza. Mi nilikuwa naenda naye kila safari, mupaka akaniambia kwa heshima, mashauri yangu inamuchosha kupita barabara. Mama yako akamuunga mukono. Kwa hiyo leo niko ku nyumba, yeye yuko upande ya Mutshatsha, ku barabara ya Kasaji, na ile njo sababu ni Madamu Henriette anaandika.

Sasa weye. Nilikasirika, nisikufiche. Kisha nikakumbuka vile ulikuwa unatapika mu kabine ukiwa mutoto, na mi nakuambia utazoea. Haukuzoea. Nilijua, na nilinyamaza juu nilitaka shofere.

Usirudi juu ya kamyo. Nafasi nilikuwekea nimemupa dada yako, na sitaitoa kwake hata siku utakuya. Lakini kuya. Jicho ya kushoto imefunga. Ya kuume bado inaona mutu akisimama karibu sana, mu mwangaza. Mama yako ameona foto uliyotutumia, anasema umeota ndevu. Kuya nizione mbele hii jicho ingine haijafunga.

Tata yako,
Kasimu