Mdundo Niliouharakisha

Dada yangu mpendwa Upendo,

Kamwene. Tangu jana nakupigia simu hupatikani. Naujua mtandao wa huko Bulongwa. Barua hii nampa kondakta wa basi la Makete, maana Jumamosi haisubiri.

Unaikumbuka siku ile uwanjani Njombe? Kwa miaka saba ulicheza jimnastiki ya mdundo kwa utepe ambao mama aliukata kwenye kitenge chake, akaufunga kwenye kijiti cha mwanzi. Kijiji chetu kizima cha Mahongole kilizoea kukuona ukiurusha nyuma ya kanisa kabla ukungu haujainuka. Siku ile walikuwa wanachagua wa kwenda Dar es Salaam. Umeme ukakatika, muziki ukafa katikati ya mchezo wako. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nikanyakua ndoo ya mama lishe, nikaanza kupiga. Umati ukapagawa. "Ongeza, dogo, ongeza!" Nikaongeza. Ni nani amewahi kushangiliwa akapunguza?

Wewe ulifundishwa kuutii mdundo. Ukautii. Nyonga ikakataa, ukaanguka, na ukastaafu siku hiyohiyo.

"Acha kulia, mdogo wangu," uliniambia ukiwa kitandani. "Nilianguka mwenyewe." Nimeishi na maneno hayo miaka kumi na miwili bila kuyaamini.

Chuoni wananiita Jenerali. Nikishika kipaza sauti, ukumbi husimama. Muhula uliopita tulidai maji mabwenini; nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka wenzangu wakaanza kulisukuma lango na msichana mmoja akabanwa mkono. Wao waliona ushujaa. Mimi nilisikia ndoo.

Sasa niko likizo hapa Makambako kwa mama, na mwanao Tumaini, anayeishi naye, atacheza Njombe Jumamosi kwa utepe wako uleule. Jana aliniwekea ndoo miguuni.

"Mjomba, utanipigia. Bibi amesema ulimpigia mama."

"Tafuta mwingine."

"Mwingine hayajui mapigo ya mama." Akanitazama, akacheka. "Kumbe Jenerali anaogopa ndoo!"

Ninaiogopa, dada. Naiogopa mikono yangu. Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi, inapiga yenyewe, na kila mara inakimbia. Ana miaka tisa. Nyonga zake ni zako.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Sikukuona ukianguka. Nilikuwa nautazama umati. Wewe ulikuwa chini tayari, utepe umekufunika uso, nami bado napiga, hadi mama yetu aliponipokonya ile ndoo.

Kama ni mimi niliyekuangusha, sema, nami sitaigusa ndoo hiyo. Nitamweleza Tumaini mwenyewe. Kama bado unaniamini, basi njoo. Usikae nami, wala usikae na mwalimu wake. Kaa katikati ya watu wanaopiga makofi, ili nikikosea tena nikawatazama wao, nikuone wewe.

Mdogo wako,
uliyemsamehe kabla hajakiri